Mpiga Ngoma wa Wageni Rasmi

Ukitaka kumjua Jairus usianzie nyumbani kwake, maana huko mara nyingi hutamkuta. Anzia penye hema jeupe, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, na umati ulioketi juani ukilitazama hema hilo. Pembeni, karibu na choo, kwa kuwa nafasi ya wasanii huwa karibu na choo, utaona mzee mwembamba amechuchumaa mbele ya moto wa magunzi ya mahindi, anaigeuza ngoma yake polepole ngozi ipate joto ikaze. Huyo ndiye Jairus. Mgeni rasmi alitarajiwa asubuhi. Sasa jua liko utosini na habari zilizopo ni kwamba msafara umeshatoka. Umetoka wapi, hakuna anayesema.

Kwa miaka mingi kazi yake imekuwa hiyo. Wakubwa wakija kugawa mbegu baada ya mvua kupita, Jairus yupo. Shirika likija Garsen kuwafundisha watu wa mtoni namna ya kutumia maji, Jairus yupo. Mkutano wa amani kati ya wakulima na wafugaji, ambao hufanyika wagombanao wakishachoka wenyewe, utamkuta mbele kabisa na ngoma yake ya mwembe, iliyowambwa ngozi ya ng'ombe aliyetoka kwa wafugaji hao hao. Amewapigia wakubwa wengi hata sura zao zimemchanganyikia. Anawajua kwa viatu. Mpiga ngoma hukaa kwenye kigoda kifupi, akiinua macho jua linamchoma, basi kinachopita mbele yake ni viatu tu. Vile vyeusi vya ncha kali viliahidi daraja. Vile vya kahawia viliahidi mashine ya kusaga. Kuna raba nyeupe zilizoahidi kurudi, na kwa kweli zilirudi, mwaka wa kura.

Wasioifanya kazi hii husema ni rahisi, kupiga tu. Haya. Mwimbaji akichoka hunywa maji. Mchezaji akichoka hujificha nyuma ya mwenzake akatikisa bega moja, na watu wakaona ni mbwembwe. Mpiga ngoma achoke aone! Ngoma ikinyamaza, wanaocheza wanabaki wamesimama kama watu waliosahau walichotoka nyumbani kufanya, na lawama zote ni zake. Halafu picha zikipigwa, hupigwa wachezaji na mgeni katikati yao. Jairus ametokea kwenye kalenda mara moja. Kilichotokea ni kiwiko chake cha kushoto, na mkewe Valary alikitambua kwa kovu.

Huyo Valary ndiye mwimbaji wa kikundi, na sauti anayo, asikwambie mtu. Wa tatu ni Katana, Mgiriama aliyekuja kuoa kwao akabaki na kayamba lake la kutikisa, la matete na mbegu, mtu wa maneno mengi na subira kidogo. Waliobaki ni wachezaji, kina mama na vijana, wanaobadilika kutegemea nani ana shughuli shambani. Wanatoka kijiji kimoja ng'ambo ya mto Tana, upande wa pili wa Kulesa. Watu wa Garsen wanakiita Ng'ambo tu, maana ukitaka kwenda ni lazima uvuke, na wakubwa hawapendi kuvuka.

Ila walivuka kwa ajili ya zahanati. Loo, zahanati ile! Ina kuta nzuri, ina bati, ina mlango wa chuma wenye rangi ya samawati. Ilifunguliwa mara ya kwanza na viatu vyeusi. Utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, mlango ukafungwa kwa kufuli, viatu vikarudi kwenye boti. Baada ya muda ikapakwa rangi upya ikafunguliwa tena na viatu vya kahawia, ambavyo vilisema ule ufunguzi wa kwanza haukuwa halali. Kufuli likabadilishwa, la pili likawa kubwa zaidi. Nesi hajawahi kukanyaga mle ndani. Mbuzi wamewahi, kupitia dirisha la nyuma, na hao ndio wagonjwa pekee waliolala katika zahanati ya Ng'ambo mpaka siku ninayotaka kukusimulia.

Usicheke sana, maana hapo ndipo kilipomkuta Jairus kisichochekesha. Binti yake Priscilla alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza wakati mto umefura. Walimpitisha mbele ya mlango ule wa samawati, wakampakia mtumbwini kwenda kutafuta gari la Garsen. Hawakufika. Mtoto alizaliwa katikati ya mto, kwenye magoti ya nyanyake, mvua inawanyeshea. Alikuwa wa kiume, ametimia kila kitu, vidole, kucha, nywele. Hakulia. Valary alimpangusa, akampuliza, akampigapiga mgongoni, akamtikisa, akamwita jina ambalo walikuwa bado hawajaliafiki. Hakulia.

Muda mrefu baada ya hapo Valary alifungua kinywa, akatoka na wimbo. Wimbo wenyewe ulikwenda kwa adabu za kwao. Kwanza mgeni anakaribishwa. Halafu anasifiwa, yeye na safari yake na waliomzaa. Ndipo mwisho, akishatulia moyo, anaambiwa shida. Sehemu ile ya mwisho ilikuwa fupi:

*Mlango tunao, rangi tunayo,*
*wa kutupokea ndani hatuna.*
*Mjukuu wangu kazaliwa majini,*
*hakulia, mgeni wangu, hakulia.*

Jairus naye akafanya sehemu yake. Alijua kwamba wageni hawana subira, basi akaifanyia sehemu ya mwisho mdundo mtamu kupita yote aliyowahi kupiga. Akawaza hivi: wakionja mwanzo watataka kufika mwisho, na wakifika mwisho watasikia. Aliushughulikia mdundo ule msimu mzima, akapasua ngozi akawamba nyingine. Zamu ya kugeuka ilikuwa mkononi mwake: akipiga kishindo kimoja kizito katikati ya ngoma, kayamba linabadilika, wachezaji wanageuka, na Valary anaingia na shida. Bila kishindo hicho hakuna anayegeuka. Hapo ndipo mpiga ngoma anapokuwa mkubwa kuliko mgeni rasmi, japo hakuna anayemwandalia kiti.

Basi ukadhani wimbo ulifika mwisho? Thubutu! Kila mahali walipoupeleka, mgeni alikaribishwa, akasifiwa, akasifiwa tena, akainuka akatikisika kidogo kwa ajili ya kamera, halafu mkono ukapungwa: asanteni, asanteni, tukae chini, muda hauturuhusu. Muda ule ule uliowaruhusu wao kukaa juani tangu asubuhi. Ikawa mwaka hata mwaka wakubwa wa nchi wanasikia wanavyopendwa na watu wa Ng'ambo, na hakuna hata mmoja aliyesikia kwa nini anaimbiwa. Wakarudi makwao wakisema watu wa Tana ni watu wenye furaha sana.

"Si tuanze na mwisho?" Katana aliuliza siku moja wakirudi. "Tuwatupie shida kwanza, sifa baadaye kama zitabaki."

Valary alimtazama kana kwamba amependekeza waende uchi. "Wewe Katana, mtu hajafika, hajaambiwa karibu, unamtupia maiti mapajani? Kwani tumekosa adabu sisi?"

Hata Jairus aliona haiwezekani. Wamelelewa hivyo. Ungewakata mikono wangekukaribisha kwanza kabla ya kulia.

Sasa Priscilla akashika mimba ya pili. Alipowaambia watu alikuwa tayari amefichaficha miezi, na hakuna aliyemlaumu. Alifunga nguo zake kwenye kifurushi akakiweka mlangoni, na kila mvua ikinguruma upande wa juu wa mto alikuwa anainuka kutazama maji. Hakusema anaogopa. Aliacha tu kupita njia ya zahanati, akawa anazunguka kupitia migombani, njia ndefu yenye matope, na tumbo lile. Jairus aliona, ikamuuma hadi akashindwa kula.

Katika hali hiyo ndipo simu ikaja. Mpigaji alikuwa Abdulnasser, kijana wa itifaki, mwenyeji wa Kipini, mwenye Kiswahili kitamu na kofia isiyokunjika.

"Mzee Jairus, shikamoo. Nna habari njema. Mheshimiwa yuwaja kwenu kufungua zahanati."

"Marahaba, mwanangu. Zahanati ipi?"

"Hiyo yenu."

"Hiyo si ilishafunguliwa?"

"Ile ilifunguliwa na wale. Sasa inafunguliwa na sisi." Akacheka kidogo. "Imepakwa rangi, hukuona?"

Kweli ilikuwa imepakwa. Ilikuwa samawati, sasa ni kijani.

"Na nesi anakuja naye?" Jairus akauliza.

"Hayo ya nesi yako kwenye mipango, mzee wangu. Sisi tuanze na burudani. Dakika mbili. Mgeni ana shughuli nyingi, usinifikishe dakika ya tatu, nakuomba kama babangu."

Jairus akajibu hewala. Nani angejibu vingine? Lakini usiku alimwambia Valary, "Mama Priscilla, kesho kutwa mkono ukipungwa, mimi sitauona."

"Hutauona vipi na macho unayo?"

"Nitakuwa natazama viatu."

Siku ikafika. Hema likaja kwa boti, viti vikaja kwa boti, mkeka mwekundu ukaja kwa boti ukaanguka majini ukatandikwa hivyo hivyo. Maji ya kunywa ya chupa yakaletwa kwa ajili ya hema, watu wa mto wakabaki wanayatazama. Jairus aliwasha magunzi yake mapema. Akakausha ngoma, mgeni hakuja. Ngozi ikalegea kwa unyevu, akaipasha tena, mgeni hakuja. Alifunga vidole kwa plasta, ngozi ya vidole vyake nayo ilikuwa na umri. Priscilla alikuwa miongoni mwa watu, chini ya kivuli cha ukuta wa zahanati, amekaa upande, miguu imemvimba. Ilikuwa mara ya kwanza kulikaribia jengo lile tangu siku ile. Babake alimwona akiuegemea mlango wa kijani kwa mgongo, mikono juu ya tumbo.

Mheshimiwa akafika jua likiwa limeanza kuinama. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi ya mamba, au mtu aliyemuuzia alimwambia hivyo. Alikuwa mtu mnene mchangamfu, mwenye kupenda watu, hasa wakiwa wengi. Abdulnasser akainua kidole, na Jairus akaifungua ngoma.

Walimkaribisha. Walimsifu. Wakamsifia mamake, ambaye hawakumjua. Mheshimiwa akainuka, akashuka kwenye mkeka uliolowa, akaanza kutikisa mabega, na simu zikainuliwa kila upande zikimpiga picha. Filimbi zikalia. Kayamba la Katana likachemka. Na kwa wakati wake, kama ilivyo desturi, mkono wa Abdulnasser ukainuka ukapunga: asanteni, asanteni.

Jairus aliviinamia viatu vya mamba. Akaendelea.

Wenzake walimtazama, wakatazamana, kisha wakafanya wanachofanya watu wote ngoma inapoendelea, yaani wakaendelea. Abdulnasser akapunga tena kwa mikono miwili. Akasogea, akamgusa bega. "Mzee! Mzee wangu, basi!" Jairus akatikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyeambiwa ngoma tamu, ongeza. Na mheshimiwa angefanya nini? Akae chini watu wakiwa wanamchezea, kamera zinatazama? Hawezi. Alinaswa mle ndani ya duara na tumbo lake na tabasamu lake. Jairus aliihesabia ile zamu moyoni, akainua mkono juu kabisa, akashusha kile kishindo kimoja kizito.

Wakageuka. Kayamba likabadilika. Kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni rasmi, Valary akafumba macho akaingia na sehemu ya mwisho.

*Mlango tunao, rangi tunayo...*

Na mheshimiwa akapagawa.

Nisikudanganye, alipagawa. Mdundo ule ulikuwa mtamu, si nilikwambia? Ulimwingia kiunoni kabla haujapita masikioni. Akavua koti akamrushia mlinzi. Akainama, akainuka, akazunguka na kitambaa mkononi, akapiga ukelele "Hii ndiyo ngoma bwana!" na watu wake wa hema wakashuka wote wakamzunguka wakicheza, mwenye faili na faili lake, mwenye mwavuli na mwavuli wake. Walinzi walikuwa wanatikisa vichwa. Hata Abdulnasser, maskini, mguu mmoja ulishaanza kumponyoka.

*Mjukuu wangu kazaliwa majini...*

"Wekaaa!" akapiga kelele mheshimiwa. "Weka weka wekaaa!"

*Hakulia, mgeni wangu, hakulia.*

Alikuwa anaucheza. Jairus aliviona viatu vya mamba vinaruka mbele yake, kushoto, kulia, kushoto, juu ya mtoto wa Priscilla, kwa furaha, na kila vilipotua vilitua sawasawa juu ya pigo lake yeye. Hakuna aliyekuwa amekosea. Maneno yalikuwepo, Valary alikuwa anayatoa kwa nguvu zote mishipa ya shingo imemsimama, na ngoma ilikuwa inayafunika. Ngoma yake. Utamu alioutafuta msimu mzima ili watu wasikie ndio uliowaziba masikio. Mpumbavu mimi, alisema moyoni. Mpumbavu mzee. Akainua macho, jua likamchoma, na nyuma ya miguu yote ile akamwona Priscilla kwenye mlango wa kijani. Alikuwa amejiziba uso kwa leso.

Mikono ya Jairus ikatoka kwenye ngozi. Akaiinua juu, akaiacha hapo hewani, haipigi.

Miaka yote ile hakuwahi kuiacha ngoma katikati. Katana alikwenda pigo moja peke yake, akamwona, akalikumbatia kayamba kifuani mbegu zisilie. Wachezaji wakasimama. Filimbi zikakatika. Mheshimiwa alikuwa ameinua mguu mmoja, mikono ameitanua, na hapakuwa na pigo la kuushushia. Akabaki hivyo, kitambaa kinaning'inia, anaangaza huku na huku.

Valary hakunyamaza. Nadhani hakujua kama wenzake wamenyamaza, au alijua, mimi sijui. Sauti yake ilibaki peke yake, bila kitu chini yake, na watu wote wakaisikia mpaka waliokuwa kando ya mto.

*Mjukuu wangu kazaliwa majini. Hakulia, mgeni wangu. Hakulia.*

Kisha akafumbua macho. Akamtazama mheshimiwa, ambaye sasa alikuwa anaushusha mguu polepole kama mtu anayeingia chumba cha wagonjwa. Akasema kwa mdomo wa kawaida, bila wimbo, "Na huyu mamake ni yule pale. Ana mimba nyingine. Mlango umeegemewa hivyo kwa sababu umefungwa, baba. Funguo mnayo nyinyi."

Mbuzi mmoja alilia ndani ya zahanati. Watu walitaka kucheka, hawakucheka.

Mheshimiwa akatafuta koti lake. Akakohoa. Akasema wimbo ni mzuri, una mafunzo, na kwamba serikali inasikia. Akakata utepe upesi upesi, na hotuba ikawa fupi kuliko zote ambazo Ng'ambo imewahi kujaliwa. Msafara ukavuka kurudi kabla ya chakula, na watu wa kijiji wakala pilau ya hema lote, wengine kwa mara ya kwanza tangu mavuno.

Abdulnasser alibaki nyuma akikunja mkeka. "Mzee Jairus, umenimaliza," alisema, na sauti ilikuwa inamtetemeka kweli. "Hamuitwi tena popote. Kikundi kisicho na nidhamu. Wallahi hamuitwi tena."

"Hewala, mwanangu," akajibu Jairus. "Chukua pilau."

Na hawakuitwa. Sherehe iliyofuata Garsen ilipigiwa spika zilizoletwa na gari, na nasikia spika hazilalamiki na hazihitaji magunzi. Jairus akarudi shamba. Akapalilia migomba ambayo ilikuwa imesahau sura yake. Watu wengine wa kijiji hawakumficha kinyongo: umetukosesha, walisema, sasa hata mbegu za kuchelewa hatutazipata. Usiku Valary alikuwa anamsikia akipiga ubao wa kitanda kwa vidole, kidogo kidogo, kisha anaacha. Mto ukawa unapanda. Kifurushi cha Priscilla kilikuwa mlangoni pale pale.

Lakini unakumbuka zile simu zilizoinuliwa? Hakuna aliyezishusha mheshimiwa alipobaki na mguu mmoja. Ile picha, na sauti ya Valary ndani yake, ikatembea. Ikafika Garsen, ikafika Hola, ikafika Malindi, ikafika mpaka kwa wale waliokuwa wanakitaka kiti cha mheshimiwa, nao wakaisambaza kwa uchungu mwingi wa kizalendo. Vijana waliiwekea maneno. Watoto Garsen walikuwa wanacheza mchezo wa kusimama mguu mmoja wakiulizana, "Funguo iko wapi?" Huruma ilikuwa imeshindwa kumvusha nesi mto kwa miaka yote hiyo. Aibu ilimvusha kwa juma moja.

Alikuja na mtumbwi, godoro kichwani, kasha la dawa miguuni. Jina lake Ikhlas, msichana mrefu asiyecheka ovyo. Alifungua kufuli, akawatoa mbuzi, akamtazama Jairus aliyekuwa amesimama njiani na kofia mkononi.

"Wewe ndiye mzee wa ngoma?"

"Ndiye mimi, daktari."

"Mimi si daktari. Nilikuwa nimeahidiwa uhamisho wa Malindi." Akampa ndoo. "Nisaidie maji basi. Humu mnanuka."

Jairus alichota maji. Alichota kutwa, alisugua sakafu mpaka plasta za vidole zikamtoka, na Katana akaja kusaidia na maneno yake, na mbuzi walifukuzwa tena na tena kwa sababu walikuwa wanaona wanaonewa.

Uchungu ulimshika Priscilla mchana wa jua kali, mto umejaa kingo kwa kingo na hakuna mtumbwi ambao ungethubutu. Alipita njia fupi. Valary aliingia naye, mlango ukafungwa kwa ndani, na hilo peke yake lilimtoa Jairus machozi, kuuona mlango ule unafungwa kwa ndani. Alikaa nje kwenye kigoda chake. Hakuja na ngoma. Mikono yake haikujua la kufanya, akaikalia.

Simu ikaita. Alikuwa Abdulnasser, na sauti ilikuwa imerudia asali.

"Mzee wangu, shikamoo. Yaliyopita tumeyasahau, au sivyo? Mheshimiwa amefurahi sana kuwaletea nesi. Mipango ilikuwa yake tangu mwanzo, wewe wajua. Sasa twataka kufanya sherehe ndogo ya shukrani hapo zahanati. Yuwaja kuifungua."

"Tena?"

"Rasmi. Nanyi ndio burudani, amewataja kwa jina. Mje na wimbo ule ule, mtamu ule. Ila..." Akashusha sauti. "Ile sehemu ya mwisho, mzee, muiache. Mwishie kwenye sifa."

Jairus aligeuka kuutazama mlango. Ndani Priscilla alikuwa anapiga kelele, kisha akawa hapigi. Nesi alikuwa anasema kitu, haraka haraka. Halafu hapakusikika chochote. Jairus alikijua kimya hicho, alishawahi kukisikia katikati ya mto, akasimama na kigoda kikaanguka.

"Hallo? Mzee? Wanisikia?"

Mtoto akalia.

Alilia kwa nguvu, kwa hasira, akakata akavuta pumzi akalia tena, na mbuzi wote wakakimbia. Jairus alisimama na simu sikioni mdomo wazi, machozi yanamtiririka kwenye ndevu, hata hakuyapangusa.

"Salaale! Na hicho ni nini?" akauliza Abdulnasser.

Jairus akaielekeza simu dirishani, akaishika hapo ili mwenzake asikie vizuri. Kisha akairudisha mdomoni.

"Hiyo ndiyo sehemu ya mwisho, mwanangu," alisema. "Mwambie mheshimiwa hatuiachi."